UZI: Ni nini hasa kinachozuia likizo za kutembea kwa miguu na za baiskeli visiwani Lamu?

#1 · Mpita Mikokoni (Amu)
Asalaam aleikum, wanajukwaa. Mimi ni mwongoza wageni hapa Amu, yaani kisiwa na mji wa Lamu, na mara kwa mara hukutana na watu wa makamo kutoka Ulaya ambao likizo kwao si kulala ufukweni, bali ni kutembea au kuendesha baiskeli kwa juma zima, wakilala kijiji hiki leo na kijiji kingine kesho. Wengi hunisimulia nyanda za juu na visiwa vya Scotland. Kule kuna njia ya miguu iitwayo West Highland Way, iliyofunguliwa mwaka 1980, yenye kilomita 154 kutoka Milngavie, pembezoni mwa Glasgow, hadi Fort William. Kuna pia Hebridean Way ya baiskeli, kilomita 297, inayopita visiwa 10 kwa barabara za tuta sita na vivuko viwili. Njia hizo zina upepo, mvua na tope, na bado watu hulipa ili wazipite.

Sisi tuna Amu, Manda, Pate na Kiwayu. Tuna magofu ya Takwa na Shanga, tuna vilima vya mchanga vya Shela, na mji wenyewe wa Amu uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Hata hivyo mgeni hulala Shela, hupelekwa Takwa nusu siku, kisha hurudishwa kiwanja cha ndege cha Manda. Dai langu ni kwamba ardhi si kikwazo, na wageni si kikwazo. Kikwazo ni kuwa safari hizi hupangwa kwa saa ya ukutani na watu walio mbali na bahari, ilhali visiwani maji ndiyo yanayoamua saa ya kuondoka. Anayepinga na apinge kwa hoja.

#2 · Fundi Baiskeli (Malindi)
Shukrani kwa uzi. Napinga, angalau kwa upande wa baiskeli. Baiskeli iliyopita ufukweni isipooshwa kwa maji matamu siku hiyohiyo, mnyororo hushika kutu, gololi za magurudumu huanza kulia, na waya za breki na gia hukwama ndani ya mipira yake. Tope la mvua huchafua, lakini haliiharibu chuma kwa kasi ya chumvi. Tena vichochoro vya Amu ni vyembamba kiasi kwamba punda wawili wenye mizigo hupishana kwa taabu, na mtu anayeendesha baiskeli mle atawasumbua watu waliokaa barazani mwao.

Baiskeli ni mambo ya upande wetu. Ukitoka Malindi ukavuka daraja la Sabaki, ukashika njia ya Marikebuni hadi Marafa, unapata barabara ya udongo mwekundu inayopanda polepole, na mwisho wake ni korongo la Nyari, lenye kuta za mchanga na udongo zilizochongwa na mvua zikawa nyekundu, nyeupe na manjano. Hiyo ndiyo ardhi korofi ambayo waendesha baiskeli huitafuta. Sharti ubebe tyubu za akiba, viraka na solusheni, kwa maana miiba ya njia ile haina huruma.

#3 · Binti Siyu (Pate)
Kaka Mpita Mikokoni, njia ya Pate naijua kwa nyayo zangu. Ukishuka Mtangawanda unatembea hadi mji wa Pate, kutoka Pate hadi Siyu ni kilomita 8 hivi kupitia mashamba na minazi, na kutoka Siyu hadi Faza ni kiasi cha saa mbili. Anayetaka Shanga hutokea Siyu, akaelekea pwani ya kusini. Ni tambarare, na mzee wa miaka sitini mwenye afya huitembea.

Lakini maji ninayoyaona mimi kuwa kikwazo ni ya kunywa. Visima vyetu vingi vina chumvi, na tegemeo letu ni mvua inayokusanywa kwenye majabia. Wageni hupenda kuja wakati wa kaskazi, na mwishoni mwa kaskazi, kabla masika hayajanyesha, ndipo majabia yanapokuwa chini kabisa. Kundi la watu kumi wanaooga mara mbili kwa siku, katika kijiji ambacho wenyeji wanapima maji kwa ndoo, si jambo la kulipita. Pili, hatuna hoteli. Mgeni atalala nyumbani kwa mtu, na nyumba zetu zina upande wa wanawake ambao haukanyagwi na mgeni. Tatu, kuna mavazi, na kuna Ijumaa. Sisemi kwamba haiwezekani. Nasema mambo haya yaamuliwe na wenye nyumba kabla ya kupangwa na wenye ofisi.

#4 · Nahodha wa Mkanda
Mpita Mikokoni amesema kweli, lakini ameacha nusu. Wakati wa bamvua, mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu, maji hujaa kwetu yapata saa kumi, alfajiri na jioni, na hukauka kabisa yapata saa nne au saa tano asubuhi. Tofauti ya kujaa na kutoka hufikia karibu mita 3. Kila siku maji huchelewa kwa takriban dakika 50, hata ikifika siku za maji mafu mambo yamegeuka: maji hujaa saa nne au saa tano za asubuhi, lakini kujaa kwenyewe ni haba.

Sasa tazameni. Ufukwe wa Shela kuelekea Kipungani, kilomita 12 hivi, hupitika vizuri asubuhi ya bamvua, mchanga ukiwa wazi. Lakini kwenda Takwa kwa kupitia mkondo wa mikokoni kunahitaji maji yaliyojaa, na siku hiyohiyo ya bamvua maji hayo utayapata jioni, jua likikaribia kuchwa. Ukingoja maji mafu ili uingie Takwa asubuhi, chombo kikubwa kidogo kitakwaruza chini. Kwa hiyo siku njema ya ufukwe si siku njema ya Takwa, na anayeziweka pamoja katika ratiba moja hajawahi kushika usukani. Hata mji wa Pate haufikiki kwa chombo ila maji yakijaa, na ndiyo sababu watu hushukia Mtangawanda.

#5 · Mwalimu wa Ramani (Malindi)
Ahsanteni kwa maelezo ya maji. Mimi naona sababu iko juu zaidi, kwenye jua. Lamu iko zaidi kidogo ya nyuzi 2 kusini mwa ikweta, na mchana wetu ni saa kumi na mbili mwaka mzima. Kaskazini mwa Scotland mwezi Juni jua huchwa karibu na saa nne za usiku, na joto ni la kuvaa sweta. Mtembeaji wa kule akipotea njia, au akikaa kula kwa muda mrefu, bado mwanga anao. Wetu ana vipande viwili tu vya siku: kuanzia saa kumi na mbili asubuhi hadi saa nne, na kuanzia saa kumi hadi magharibi. Sasa unganisheni na aliyosema Nahodha. Ufukwe wa bamvua uko wazi zaidi saa nne na saa tano, yaani pale hasa mchanga unapoanza kuunguza.

Jambo la pili, waendao likizo za namna hii hupenda kupanda. Kule Applecross kuna barabara ya Bealach na Bà inayoanzia usawa wa bahari na kufika mita 626, na watu husafiri kutoka mbali ili waipande kwa baiskeli. Visiwa vyetu havina milima. Mpwani anayetaka kilele aende Taita, ambako Vuria ina zaidi ya mita 2,200, au Mlima Kenya, ambako Lenana, mita 4,985, hufikiwa bila kamba.

#6 · Mwamu wa Glasgow
Salamu kutoka baridini. Kwa kuwa Scotland imetajwa mara nyingi, niongeze ninayoyaona.

Kwanza, raha ya kule isitiwe chumvi. Kuanzia mwishoni mwa Mei hadi Septemba, upepo ukitulia, kuna usubi mdogo usioonekana vizuri, unaouma hadi mtu akakosa pa kujificha. Katika Hebridean Way wengi huanzia Vatersay kusini na kumalizia ncha ya kaskazini ya Lewis, kwa sababu upepo wa kawaida hutoka kusini-magharibi nao wanautaka mgongoni. Kwa hiyo nao pia hupanga safari kwa kuitazama hali ya hewa, na hoja ya Mpita Mikokoni ina mashiko.

Pili, kuna sheria. Mwaka 2003 Bunge la Scotland lilipitisha sheria ya mageuzi ya ardhi inayompa kila mtu haki ya kupita katika sehemu kubwa ya ardhi na maji ya nchi, kwa miguu, kwa baiskeli au kwa farasi, mradi apite kwa uangalifu. Ardhi imebaki kuwa ya mwenyewe, na gari halimo katika haki hiyo. Mtembeaji haombi ruhusa kila anapofika kwenye ua. Naamini hilo ndilo lililojenga likizo hizi kuliko uzuri wa milima.

Tatu, namjibu dada Binti Siyu kuhusu Ijumaa. Kisiwa cha Lewis ni cha watu wanaoishika dini yao, na kivuko cha Jumapili kutoka Stornoway kilianza mwaka 2009 tu, baada ya mabishano mengi. Waendesha baiskeli huelezwa mapema kwamba siku hiyo maduka mengi yamefungwa, nao hununua chakula Jumamosi. Desturi ya wenyeji haikuwafukuza.

#7 · Mzee wa Mokowe
Wanangu, mmezungumza vizuri, lakini mnazunguka jambo ambalo sisi wa bara ya Lamu tunalijua. Baada ya utekaji wa mwaka 2011 na mashambulizi ya Mpeketoni ya mwaka 2014, serikali za nje zilitoa tahadhari za safari. Mtu mzima wa Ulaya haendi likizo ya kutembea bila bima, na bima nyingi hukataa kulipa iwapo umeenda mahali ambapo serikali yako imekuonya usiende. Basi hata maji yajae, hata majabia yajae, kampuni ya safari haitaandika Pate katika orodha yake. Lami sasa imefika Mokowe, na kijana mwenye nguvu angeweza kuendesha baiskeli kutoka Malindi kupitia Garsen na Witu, zaidi ya kilomita 200, lakini nani atamwambia aende peke yake?

#8 · Mpita Mikokoni (Amu)
Mzee wangu, heshima yako. Hilo la bima ni kweli na silipuuzi. Ila linaeleza kwa nini watu hawafiki, na swali langu ni la wale waliokwisha kufika. Mgeni aliyelala Shela ana bima yake na yuko hapa tayari. Kwa nini haendi Matondoni kwa miguu kuwaona mafundi wa majahazi, akalala, kesho akaendelea Kipungani, na siku ya tatu akarudi kwa ufukwe? Kisiwa ni kimoja, na tahadhari inayokihusu ni moja.

Kwa Nahodha: Takwa haina mlango mmoja. Mtu anaweza kushukia upande wa bahari kuu wa Manda akaingia kwa miguu, na watu wa Shela, ambao asili yao wengine ni Takwa, wanaijua ile njia. Kuhusu mizigo, kule Scotland mabegi hupelekwa kwa gari kutoka nyumba ya wageni hadi nyingine, mtembeaji akabaki na maji na kanzu ya mvua tu. Sisi tuna punda.

#9 · Mpenda Punda (Amu)
Hapo kwenye punda nisimame. Hapa Amu kuna hospitali ya punda tangu mwaka 1987, na kilichowaleta madaktari wale ni vidonda vya migongo na mizigo iliyozidi. Punda apite mchangani saa nne ya jua, amebeba masanduku ya magurudumu yaliyotengenezwa kwa ajili ya viwanja vya ndege? Kama hilo litafanyika, begi liwe laini, tandiko liwe nene, punda anyweshwe kabla ya kuondoka, na apite njia ya ndani yenye kivuli wakati watu wakipita ufukweni. Bila masharti hayo nitalipinga hadharani.

#10 · Fundi Baiskeli (Malindi)
Nimesoma majibu yote na nimelainika kidogo. Ufukwe wa Shela unaweza kupitika kwa baiskeli ya tairi nene ikiwa upepo wa tairi utapunguzwa, kwa sababu tairi laini hukanyaga eneo kubwa na halizami. Mwendeshaji apite karibu kabisa na maji, kwenye mchanga uliolowa. Kuhusu sheria ya Mwamu wa Glasgow, huku Malindi na Watamu tatizo hilo tunaliona kwa macho: kuna sehemu ambazo ukuta umeshuka hadi maji yanapofikia, na bamvua likijaa mtembeaji hana pa kupita ila arudi alikotoka.

#11 · Mkimbiaji wa Shela
Fundi, ruhusu nikusahihishe, kwa kuwa ufukwe huo ndio uwanja wangu wa mazoezi. Mchanga uliojaa maji kwenye ukingo wa mawimbi huzama, na mchanga mkavu wa juu huzama zaidi. Mgumu ni ule wa katikati, ambao maji yameondoka lakini unyevu umebaki, na upana wake hubadilika kila siku. Maji yakianza kurudi, mkanda ule hupungua haraka kuliko mgeni anavyodhani.

Upepo nao una sheria yake. Wakati wa kaskazi, anzia Shela kuelekea Kipungani, upepo utakusukuma. Wakati wa kusi hupiga zaidi ubavuni, ukija na rasharasha za bahari, na mawimbi hupanda hadi ufukwe ukawa mwembamba. Na jambo moja naliomba kwa nguvu zote: baiskeli zisipande vile vilima vya mchanga. Chini yake ndimo maji matamu ya mji wa Amu yanamohifadhiwa, na mimea inayoshikilia mchanga ule hung'oka kwa urahisi. Bi Siyu amesema maji ya Pate ni ya kupimwa. Ya Amu pia yana mwisho.

#12 · Damu ya Ngazidja (Malindi)
Mwalimu amesema visiwa vyetu havina milima, nami namwelekeza kwa ndugu zetu. Ngazidja, kisiwa cha Komoro alikotoka Habib Swaleh aliyeujenga msikiti wa Riyadha hapo Amu, ina Karthala, mlima wa volkeno wenye mita 2,361, ulio hai, uliolipuka mara kadhaa kati ya mwaka 2005 na 2007. Watu huupanda kwa kulala njiani, wakibeba maji yote wanayoyahitaji, kwa sababu mawe ya volkeno hayahifadhi kijito. Hapo pana kisiwa, mwinuko na ukorofi kwa pamoja, na wageni bado ni wachache. Kwa hiyo urefu wa mlima hautoshi kuwa jibu.

#13 · Mwalimu wa Ramani (Malindi)
Nashukuru kwa Karthala, ni mfano wenye uzito. Lakini nadhani unathibitisha hoja ya usafiri zaidi kuliko kuvunja yangu: kufika Moroni, mji wa Ngazidja, kutoka hapa ni ghali kuliko kijana wa kawaida anavyoweza. Kama tunataka kuanza, tuanzie panapofikika. Kutoka Malindi hadi Gede ni kilomita 15 hivi, na magofu yale yaliingia orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2024. Ng'ambo ya barabara kuna msitu wa Arabuko-Sokoke, wa kilomita za mraba 420 hivi, wenye njia za magari ambazo baiskeli hupita chini ya miti, kivulini, jambo ambalo ufukwe wa Shela hauna. Msituni kuna ndovu, kwa hiyo mwongozaji ni lazima. Kipande kibaya ni lami ya barabara kuu, ambako matatu hazimwachii mwendesha baiskeli hata upana wa mkono.

#14 · Mzee wa Mokowe
Mwanangu Mpita Mikokoni, umeniuliza kuhusu Matondoni na umenibana vizuri. Lakini kumbuka kwamba tahadhari zile hutenganisha kisiwa na kisiwa, na bara na kisiwa. Amu na Manda ni jambo moja, Pate na Kiwayu ni jingine. Ukitaka uzi huu uzae kitu, anza na Amu peke yake.

#15 · Nahodha wa Mkanda
Nami niseme la mfuko, ambalo hakuna aliyeligusa. Mtembeaji akitoka Shela akamalizia Kipungani, chombo lazima kiende kumchukua, na kinakwenda kitupu. Akianzia Kipungani, chombo kinarudi kitupu. Mafuta ya safari mbili hulipwa na kundi moja, na kundi la watu wawili haliwezi. Kule kwenye vivuko vya Scotland baiskeli hupanda bila nauli, lakini kivuko kilikuwa kikienda kwa ratiba yake hata mwenye baiskeli asingekuwepo. Mimi niko tayari kubeba baiskeli nne kwenye mashua, zikilazwa juu ya magunia ili zisitoboe wala zisikwaruze, siku ya tatu baada ya mwezi kuandama, tukitoka gatini saa moja asubuhi. Nani atalipia ule mwendo mtupu?

#16 · Binti Siyu (Pate)
Nahodha, ukitoka na abiria wa kawaida wanaokwenda Kipungani siku hiyo, mwendo haujawa mtupu. Ulizia kwanza Matondoni na Kipungani ni akina nani wana mizigo ya kupeleka mjini, kisha ndipo uipange siku ya wageni kufuata siku yao. Na kuhusu Pate, mimi nitazungumza na wanawake wa Siyu tuone ni nyumba ngapi zinaweza kupokea mgeni na kila nyumba itoe ndoo ngapi. Majibu yao nitayaleta hapa, hata yakiwa ni kukataa.

#17 · Mpenda Punda (Amu)
Siku ya tatu baada ya mwandamo maji yatakuwa yamekauka kabisa karibu na saa sita, Nahodha, si saa nne. Wageni wataendesha juani. Sogeza iwe siku ya mwandamo wenyewe.